Tupeane uzoefu: kumkinga mtoto wa mbwa na parvo, Arusha na Moshi

MfugajiNjiro:
Wadau, vitoto vya mbwa vinauzwa kila kona na wengi wanakufa kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaowaharisha damu. Ratiba ya chanjo mnaipangaje, na banda mnalisafishaje? Tuweke vitu vinavyofanya kazi, habari za kumnywesha maziwa tuziache.

DktMifugoMoshi:
Chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha rudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka avuke wiki ya 16. Hapo kwenye 16 ndipo watu wanapokatisha. Kinga aliyoipata kwenye dang'a (maziwa ya kwanza) ya mama yake huizima chanjo, na hushuka taratibu, tofauti hata kwa ndugu wa uzao mmoja. Kuna wiki kadhaa ambazo kinga hiyo haitoshi tena kumzuia kirusi lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Ndiyo maana tunasikia "alichanjwa akafa": ukiuliza, sindano ilikuwa moja tu, ya wiki ya 7. Akimaliza, rudia kati ya miezi 6 na mwaka, baadaye kila miaka 3.

Na muuzaji akikwambia "huyu kachanjwa", fungua kadi usome stika. Ikiwa ni ya kichaa cha mbwa peke yake, parvo haijaguswa. Tafuta DHPPi, chanjo ya mchanganyiko wa magonjwa kadhaa; ile P ya kwanza ndiyo parvo.

DukaLaDawaSakina:
Niongezee, dokta. Chanjo yenyewe ikae nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ni unga mkavu na kimiminika chake. Ukishachanganya, choma ndani ya saa moja. Chupa moja ni mbwa mmoja. Kuna wanaogawa kwa watoto wawili eti ni wadogo, na hapo wote wawili hawana kinga ya kutegemea. Ukipanda nayo daladala kwenda Ngaramtoni, weka kwenye kontena lenye barafu na uiviringishe gazeti, isigusane na barafu.

MamaPasua:
Shikamoo dokta. Banda tunamwagia spiriti na dawa ya sakafuni yenye harufu nzuri, inatosha?

DktMifugoMoshi:
Marahaba mama. Haitoshi. Kirusi hiki hakina ganda la mafuta, kwa hiyo spiriti haikiwezi, na dawa nyingi za sakafu vilevile. Penye kivuli na unyevu hukaa miezi, hata kupita mwaka. Tumia jiki. Soma lebo: ikiwa ni asilimia 3.5, weka nusu lita kwenye ndoo ya maji lita 10. Kwanza zoa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza. Ndipo upake jiki, sakafu ibaki mbichi dakika 10, suuza tena. Ukiimwaga juu ya kinyesi, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa kirusi. Changanya ya kutumia siku hiyo hiyo, na usiichanganye na dawa ya choo, inatoa gesi mbaya.

MfugajiNjiro:
Na banda la udongo?

DktMifugoMoshi:
Udongo jiki haiuwezi. Palipofia mtoto, usilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo kwa mwaka mzima au zaidi. Mbwa mkubwa aliyechanjwa vizuri hana shida.

KijanaUsaRiver:
Wanaomfungia ndani wanasahau viatu. Wewe umetoka sokoni Kilombero, umekanyaga walipopita mbwa koko, unaingia na kirusi hadi kwenye bakuli la mtoto wa mbwa. Acha kandambili za bandani pale pale mlangoni. Akipelekwa kuchanjwa, abebwe, asiwekwe chini kwenye foleni.

DktMifugoMoshi:
Sahihi kabisa. Minyoo nayo isisahaulike: dawa kuanzia wiki ya 2, kila wiki 2 mpaka ya 8, maana utumbo wenye minyoo huumia zaidi parvo ikiingia.

Dalili mara nyingi huja siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa: anakataa chakula, anajilaza, anatapika, kisha kuharisha kwa harufu kali, damu huweza kuchelewa, usiisubiri. Dawa za kawaida hazikiui kirusi chenyewe. Kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, na antibiotiki kwa bakteria wanaopenya utumbo uliochubuka. Anayetapika usimlazimishe kunywa, maji yataingia mapafuni. Piga simu kabla ya kwenda, daktari akukute garini. Akipona, mtenge wiki 2 nyingine, kinyesi chake bado kinaambukiza.