Askari wa Kirumi kwenye filamu ya Mateso ya Yesu: wavae nini, wawe wangapi?

Fundi Mavazi
Wakuu, tunaandaa filamu fupi ya Ijumaa Kuu, kuanzia Gethsemane hadi Golgotha. Waigizaji wa nafasi za askari ni kumi na wawili. Filamu nyingi zinawavalisha dirii ya mapande ya chuma yaliyopangwa kama mikanda, ngao ndefu ya pembe nne iliyopinda, ngozi mikononi, na mbele yao anabebwa tai wa dhahabu. Askari wa Pilato walikuwa hivyo kweli? Kama sivyo, nitengeneze nini?

Msomaji wa Kale
Sivyo, mkuu. Hao unaowaona kwenye filamu ni askari wa legioni, yaani vikosi vikubwa vya raia wa Kirumi, na wakati wa Pilato (mwaka 26 hadi 36 B.K.) legioni hazikukaa Yerusalemu. Za eneo hilo zilikuwa nne, zote Siria. Uyahudi ilikuwa jimbo dogo tangu mwaka 6, na mtawala wake alikuwa na cheo cha prefekti, yaani gavana wa ngazi ya chini. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 linamtaja Pilato kwa cheo hichohicho.

Alichokuwa nacho ni askari wa usaidizi, yaani wasio wa legioni, walioandikwa hukohuko. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, akieleza mambo ya mwaka 44, anataja vikosi vitano vya miguu na kimoja cha farasi vya watu wa Kaisaria na Sebaste, yaani Samaria. Kikosi kamili cha miguu kilikuwa na watu 480, kwa hiyo jumla haizidi sana 3,000. Mwelekeze mwongozaji wako hapa: wanaomvika Yesu taji la miiba hawakutoka Roma. Wengi wao ni majirani wa Wayahudi wenye uhasama nao wa muda mrefu, na "Salamu, Mfalme wa Wayahudi" ni tusi kwa taifa zima. Wazungumze Kigiriki au Kiaramu.

Tai muondoe kabisa, ni alama ya legioni. Hata bendera zenye sura ya Kaisari zilimshinda Pilato: aliziingiza Yerusalemu usiku, watu wakamfuata Kaisaria wakamsihi siku tano mfululizo, mwisho akaziondoa.

Karakana ya Jukwaa
Kwenye mavazi: dirii yao ilikuwa ya pete ndogo za chuma zilizounganishwa, uzito kama kilo 10. Usinunue chuma. Fuma kwa sindano nene na uzi mnene wa pamba, tia rangi nyeusi, acha ikauke kabisa, halafu pitisha rangi ya fedha juujuu kwa brashi karibu kavu. Ukipuliza rangi moja kwa moja, uzi unainyonya na vazi linakakamaa kama ubao. Kosa la pili ni urefu: vazi la uzi huvutika chini likivaliwa, kwa hiyo lifume fupi kwa sentimita 10 hivi kuliko urefu unaoutaka, na mkanda ukazwe vizuri kiunoni ubebe uzito.

Ngao iwe bapa, umbo la yai. Plaiwudi ya milimita 6, urefu sentimita 110, upana 60. Toboa tundu katikati, funika kwa bakuli la bati, na nyuma yake weka mshiko mmoja wa mlalo. Usiweke mikanda ya kupitisha mkono: ngao ya Kirumi ilishikwa kwa kiganja, na mwigizaji akiivaa mkononi anatembea kama knight, yaani askari wa farasi wa Ulaya ya zama za kati.

Kanzu fupi, ifike juu ya goti, rangi ya sufi yenyewe au nyekundu iliyofifia. Upanga kulia. Akida, kiongozi wa askari kama mia, ndiye anayeuvaa kushoto, ana fimbo ya mzabibu, na shada la chapeo yake linakaa kwa upana, toka sikio hadi sikio. Zile ngozi za mikononi tupa, hazina ushahidi.

Viatu vilikuwa na misumari chini. Nyinyi tumieni soli ya mpira na sauti mrekodi pembeni. Josephus anasimulia akida Julianus aliyeteleza kwenye sakafu ya mawe ya Hekalu kwa misumari hiyohiyo, akauawa.

Mchambuzi
Nyongeza kwa hapo juu. Dirii ya mapande ilikuwepo tayari: vipande vyake vimepatikana Kalkriese, Ujerumani, kwenye uwanja wa vita ya mwaka 9. Tatizo ni nani anaivaa: ni ya legioni, si ya askari wa Pilato.

Kumi na wawili wanakutosha. Yohana 19:23 inagawa mavazi mafungu manne, kwa hiyo msalabani weka wanne na akida wao. Waliobaki wazuie umati. Lakini wale wa Herode katika Luka 23:11 ni jeshi lake mwenyewe, wavalishe tofauti.

Salamu ya kunyoosha mkono mbele isiwepo, imeenezwa na mchoro wa Mfaransa Jacques-Louis David wa mwaka 1784. Farasi wasiwe na vikuku vya kukanyagia.

Fundi Mavazi
Asanteni sana. Na Gethsemane, wawe askari au walinzi wa Hekalu?

Msomaji wa Kale
Yohana 18:3 inataja kikosi pamoja na watumishi wa wakuu wa makuhani. Injili nyingine hazitaji kikosi. Wachanganye: watumishi mbele na marungu na mienge, askari wanne watano nyuma.

Mchambuzi
Na msumari wa msalaba usiwe wa inchi mbili. Ule uliokutwa kwenye mfupa wa kisigino Yerusalemu mwaka 1968 una urefu wa sentimita 11.5.