AES-GCM inasuasua kwenye simu za bei nafuu: tuhamie ChaCha20?

fundi_kodi: Wakuu, programu yetu ya meseji za siri (Android) inasimba viambatisho kwa AES-256-GCM (mbinu ya kusimba inayothibitisha pia kuwa data haijachezewa) kabla ya kuvihifadhi kwenye simu. Ufunguo umo ndani ya Android Keystore, hifadhi salama ya funguo ya Android. Kwenye simu yenye prosesa ya Cortex-A55 video ya MB 20 inapita freshi. Kwenye simu ya zamani yenye Cortex-A7 inasuasua, na ukiifungua video, programu inakufa kwa kukosa RAM. Maandishi hayana shida. Tuhamie ChaCha20-Poly1305 (mbinu nyingine ya kusimba na kuthibitisha), au tushuke AES-128 yenye ufunguo mfupi zaidi?

baiti_kavu: Pima kwanza, mkuu. Kwenye Termux (programu ya kuandikia amri kwenye Android) andika `grep Features /proc/cpuinfo`. Usipoona aes na pmull (amri za prosesa za kuharakisha usimbaji), kazi yote inafanywa na programu tupu. Pmull ndiyo inayobeba GHASH, hesabu ya uthibitisho ya GCM. A7 haina hata moja. Kisha weka `pkg install openssl-tool`, uendeshe `openssl speed -evp aes-256-gcm`, halafu `-evp chacha20-poly1305`, ulinganishe safu ya baiti 16384. ChaCha20 ni kujumlisha, XOR (kulinganisha biti mbili mbili) na kuzungusha biti basi, kwa hiyo NEON ya A7 (sehemu ya prosesa inayokokotoa namba nyingi kwa mpigo) inaimudu vizuri. AES-128 inashusha raundi kutoka 14 hadi 10, lakini GHASH inabaki na uzito uleule. Sioni faida.

Mpwani_32: Adiantum je? Google waliitoa 2019 kwa ajili ya simu hizohizo.

baiti_kavu: Ile ni ya diski. Haiongezi alama ya uthibitisho, hivyo mtu akichezea faili hutajua.

zuhura_dev: Mimi namshuku Keystore kabla ya AES. Data yote inavushwa vipande vipande kwenda eneo salama la prosesa na kurudi, na huko ni polepole mno. Zalisha ufunguo wa nasibu wa baiti 32 kwa kila faili, simba faili ndani ya programu yenyewe, Keystore isimbe hizo baiti 32 tu. RAM nayo: wakati wa kusimbua GCM, Cipher ya Android (msimbo wake wa kusimba na kusimbua) inalimbikiza kila kitu hadi hatua ya mwisho, `doFinal()`. Kata vipande vya KiB 64 kwa secretstream ya libsodium (maktaba ya usimbaji), ambayo ni ChaCha20 tayari. Kila kipande kinaongezeka baiti 17. Cha mwisho kipe TAG_FINAL (alama ya mwisho wa faili), na msomaji akikikosa akatae faili, la sivyo mtu ataikata mkia na hamtajua.

fundi_kodi: Na nonsi (namba za kutumika mara moja tu kwa kila ufunguo) za vipande?

zuhura_dev: Secretstream inajipangia, hifadhi tu kichwa chake cha baiti 24 mwanzoni mwa faili. Mkibaki na GCM, tumieni kihesabio. Hatari ni programu kuzimika katikati, kisha ianze tena kutoka sifuri kwa ufunguo uleule huku video imehaririwa. Nonsi ikijirudia, XOR ya data mbili inaonekana na ufunguo wa GHASH unakokotoleka. Kila mkianza upya, ufunguo mpya.