Tupeane uzoefu: waliofika Killarney, Ireland, mliona nini na kipi hamtarudia?

Mkirumba
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa napanga makaratasi ya shule ya binti yangu nikakuta mchoro: farasi anavuta kigari, juu mlima, mvua inanyesha, na nyuma ya farasi kachora mfuko. Mwalimu kaweka alama ya kuuliza pembeni ya mfuko. Nimecheka hadi machozi, maana aliyefika Killarney anaujua.

Tulienda Juni mwaka jana, mimi, mama watoto na hao wawili. Treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Heuston, Dublin, tukabadilisha Mallow. Kabla ya hapo kila wenzangu kazini wakiniambia nenda ukaone maziwa ya Killarney, nacheka kimoyomoyo. Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza. Maji ambayo ng'ambo yake naiona nitayaitaje ziwa?

Basi wenye vile vigari, jarvey wanaitwa, wamejipanga mjini kama bodaboda stendi. Patana bei kabla hujapanda, nasisitiza. Wetu alikuwa mzee, Kiingereza chake nakamata neno moja katika matano. Akatupeleka Ross Castle, ngome ya ukoo wa O'Donoghue. Anasimulia kwamba ulikuwepo utabiri ngome haitatekwa mpaka zije meli za vita kupitia ziwani. Watu wakalala usingizi, meli zitapita wapi? Mwaka 1652 jeshi la Cromwell, yule mtawala wa Uingereza, likaleta mashua kweli. Walinzi kuziona tu, wakasalimu amri. Pale pale patamu, farasi akainua mkia. Ndipo tukaelewa kazi ya ule mfuko. Mwanangu hakumbuki Cromwell wala nani.

Na niseme ukweli, tulipofika Ladies' View nikatazama chini, yale maji yamejikunja katikati ya milima, nilikaa kimya. Mama watoto akaniuliza, vipi, Kirumba imekwisha?

Haya, waliofika mwageni yenu.

Nesi wa Cork
Mfuko! Umenirudishia harufu yote.

Bi Shuwena
Mie sikupanda. Nilimtazama yule farasi, watu watano wameshiba wamemkalia nyuma, roho ikakataa. Nikaenda kwa miguu mpaka Muckross, na wallahi nilifanya la maana. Kuna magofu ya nyumba ya watawa ya mwaka 1448, na katikati ya ua wake umesimama mti mmoja mkubwa, shina limejisokota, umeujaza ua wote. Nilivyoingia nikajikuta natoa salamu, kama nimeingia kwenye mbuyu wa wenyewe.

Halafu ile nyumba kubwa, Muckross House, ilimalizika 1843. Malkia Victoria alikuja kulala hapo 1861. Wenye nyumba, akina Herbert, walijiandaa kwa miaka, mapazia mapya, vyombo vipya. Malkia kakaa siku mbili kaondoka. Wanasema gharama zile zilichangia kuwafilisi, mwisho mali yote ikawatoka mikononi. Nikawakumbuka watu wangu wanaokopa kwa ajili ya harusi. Baadaye waliokuja kuinunua ndio waliolitoa shamba zima kwa taifa, 1932, ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa ya Ireland.

Kapteni Shela
Huruma ya farasi! Kwetu Lamu punda anabeba mawe na mchanga jua kali na hakuna anayelia.

Bi Shuwena
@Kapteni Shela, Lamu hiyo hiyo kuna hospitali ya punda. Unafikiri ilijengwa kwa sababu punda wana raha?

Kapteni Shela
Farasi wa Killarney ana kazi, ana chakula na ana nepi. Mimi hapa Dublin nina kazi tu.

Kijana wa Makole
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Niko Dodoma, nina viza ya Schengen ya Italia, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya. Naweza kupitiliza hadi Killarney?

Msafiri Bila Begi
Unapita tu, Ulaya ni moja.

Nesi wa Cork
Msimdanganye mtoto wa watu. Ireland iko Umoja wa Ulaya ila haimo Schengen. Viza ya Italia hapa haisaidii, unahitaji ya Ireland yenyewe.

Msafiri Bila Begi
Kuna jamaa yangu alishuka Belfast akapanda basi.

Nesi wa Cork
Belfast ni Uingereza, nayo inataka viza yake. Na hayo mabasi askari wa uhamiaji hupanda kukagua. Huyo jamaa yako yuko wapi sasa hivi?

Msafiri Bila Begi
Tegeta.

Mchaga Mstaafu
Mimi Killarney ilinichosha. Nikaambiwa twende maporomoko ya Torc, tukatembea, nafika naambiwa ndiyo hayo. Mita 20! Kwetu Materuni mita 20 ni mwanzo wa kulowa. Wakaniambia basi kuna Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland, mita 1,038. Lango la Marangu tu, unapoanzia kupanda Kilimanjaro, liko juu kuliko kilele chao.

Raba Nyeupe
Mzee wangu, cheka tu. Mimi ile milima sikufika hata kileleni na ilinifanya nimkumbuke kila niliyemkosea. Nilikuwa nimeapa sitasimulia, lakini huu uzi umenichokoza.

Ilikuwa Oktoba, nasoma Limerick, nina siku moja ya mapumziko. Mtu akaniambia panda gari hadi Kate Kearney's Cottage, pita kwa miguu lile pengo la Gap of Dunloe, kama kilomita 11, utatokea Lord Brandon's Cottage, pale unachukua boti inakupitisha maziwa yote matatu mpaka Ross Castle. Safari ya kifalme. Nikavaa raba nyeupe mpya. Tiketi ya boti sikukata, Mbongo gani anakata tiketi ya boti kabla ya kuiona boti?

Njia yenyewe nzuri, siwezi kuisema vibaya. Milima imekubana kushoto na kulia, vijiziwa vimefuatana, kondoo wamepakwa rangi mgongoni kama wanachama. Nikapiga picha kila jiwe. Nafika ng'ambo saa kumi jioni. Boti zimeondoka tangu mchana, kumbe kwa siku ni safari moja hivi na ndiyo basi. Pale pa kunywa chai pamefungwa. Hakuna mtu. Mvua ikaanza, si ya kunyesha, ya kulowesha. Simu asilimia tisa, mtandao hakuna. Sehemu yenyewe inaitwa Black Valley. Bonde Jeusi, wakuu, na mimi ndiye mweusi peke yangu.

Nikasema narudi nilikotoka. Nimetembea kidogo, giza linaingia, mara nikasikia sauti. Sijui niwaelezeje. Ng'ombe anayenyongwa huku ananguruma. Mimi nimekulia Mikumi, simba namsikia tangu niko mgongoni kwa mama. Akili ikaniambia Ireland hakuna simba. Miguu ikasema hatuna uhakika. Ikaunguruma tena, upande wa pili ikajibiwa. Wawili! Nikageuka, nikaona taa moja mbali bondeni, nikakimbia kuifuata. Nilianguka mara mbili. Kwenye tope raba moja ikabaki, sikuirudia.

Nyumba ya mkulima. Mbwa akanipokea kwanza, nikapiga magoti mbele ya mbwa. Mzee akatoka na tochi, ananiangalia, mguu mmoja na soksi. Nikamwambia kuna mnyama. Akasikiliza kidogo, akacheka hadi akashika mlango. Kumbe ni madume ya kulungu wao wekundu, Oktoba ndio msimu wa kugombea majike, wananguruma usiku kucha.

Akaniingiza ndani, mkewe akanipa chai na mkate wa soda wenye siagi nene. Mzee akaniambia bonde lao lilipata umeme miaka ya sabini, kwa hiyo giza nililolikimbia yeye ndilo alilokulia. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, na matamshi yake yale: "Singida?" Wakuu, nywele zilinisimama kuliko kwa yule mnyama. Shangazi yake alikuwa sista, nesi, amefanya kazi hospitali ya Makiungu miaka mingi. Picha yake iko ukutani, nyuma yake mbuyu.

Akanirudisha mjini na gari lake kwa kuzunguka Moll's Gap, hela akakataa. Soksi alizonipa mkewe ninazo mpaka leo.

Msafiri Bila Begi
Hii chai haina hata sukari. Mkulima wa milimani Ireland aijue Singida?

Mwalimu wa Nyeri
Msafiri, wewe ndiye ulisema Ulaya ni moja, nyamaza kidogo. Kenya masista wa Loreto kutoka Ireland walifika 1921, nusu ya mama zetu wamefunzwa nao. Ukikaa Ireland, kila nyumba ya wazee ina mjomba padri au shangazi sista aliyeishi Afrika.

Mnyaturu Asilia
Nimesoma nikarudia. Mimi nimezaliwa Makiungu, 1984. Masista wa Ireland ndio waliokuwa wanaiendesha ile hospitali. Mama anasema mimi nilikuja miguu kwanza na usiku ule taa zilizimika, sista akamwambia "sukuma mama" kwa Kinyaturu kibovu, wanawake wote wodini wakacheka, na yeye anacheka nikatoka. @Raba Nyeupe, huyo shangazi aliitwa nani?

Raba Nyeupe
Alinitajia, ila kwa hali niliyokuwa nayo hata jina langu nililisahau.

Katibu Kata
Marekebisho. Huyo si kulungu. Kulungu ni huyu wetu wa porini mwenye madoa, pembe zake hazina matawi. Mwenye pembe za matawi ni ayala, yule wa Zaburi ya 42.

Kapteni Shela
Kamusi nyingi zinasema kulungu.

Katibu Kata
Kamusi haijakimbizwa na yeyote.

Raba Nyeupe
Mimi sikumuona pembe, nilisikia koo tu. Muiteni mtakavyo.

Mkirumba
Mtu kaja na raba kachukua uzi wangu mzima 😂. Wacha niongeze moja kabla hamjanisahau. Mwendesha boti ziwani alituonyesha tai mwenye mkia mweupe. Anasema waliisha kabisa nchini kwao, wakaenda kuleta makinda Norway kuanzia 2007. Nikamtazama anavyokata upepo, nikasema huyu ni ndugu yake furukombe wetu wa Mwanza. Nilitamani apige ile kelele yake.

Mwalimu wa Nyeri
Mimi ushauri wangu: fanyeni safari ya Raba Nyeupe kinyume. Anza na boti asubuhi kutoka Ross Castle, ndipo utembee pengo. Ukichelewa umechelewa upande wenye magari. Na bebeni kikombe. Killarney tangu 2023 mikahawa iliacha vikombe vya kutupa, unaweka dhamana ya yuro mbili upewe cha kurudisha. Mimi nilitoa changu kwenye mkoba, wakanisifu kwamba ninajali mazingira. Ni uchumi tu, bana.

Nesi wa Cork
Kodi baiskeli. Hifadhini magari ya watu binafsi hayafiki kila mahali, na baiskeli haina mkia wa kuinua.

Dereva Mstaarabu
Baiskeli kwa mvua ile? Kodi gari. Wanaendesha kushoto kama kwetu, na kibao ni kilomita. Zunguka Ring of Kerry, ile barabara ya mzunguko ya watalii, kilomita 179. Mabasi ya watalii yanazunguka kinyume cha saa, yakitoka Killarney yanapita Killorglin kwanza. Wewe nenda upande huo huo, usikutane nayo uso kwa uso.

Mchaga Mstaafu
Ukienda upande huo unakaa nyuma ya basi siku nzima unasoma namba yake. Nenda kinyume nao.

Dereva Mstaarabu
Nilienda kinyume nao mwaka juzi. Nilirudi nyuma mita mia tatu hivi, ukuta wa mawe kulia, kondoo kushoto, wazee arobaini wa Kimarekani wananipiga picha. Kioo cha pembeni nilikilipa mimi.

Bi Shuwena
Ndiyo nawaambia, miguu.

Mnyaturu Asilia
Nimempigia mama sasa hivi. Anasema yule sista wodini walimwita jina la Kinyaturu walilompa wenyewe, la kizungu halijui. Lakini anamkumbuka kwa kitu kimoja, alikuwa na alama ya kuungua mkono wa kushoto na anapenda kusimulia kwao kuna giza kuliko Makiungu.

Raba Nyeupe
Mkuu umenitoa jasho upya. Mkono sikuuona, picha ilikuwa ya kifuani kwenda juu. Ila hilo la giza... Nina likizo Aprili. Nyumba naikumbuka, ni ile yenye mlango mwekundu na yule mbwa. Kama mama ana picha yoyote ya kliniki ya enzi hizo nitumie, niwapelekee na soksi zao.

Mnyaturu Asilia
Ipo moja, imeliwa na mchwa pembeni. Kesho naipiga kwa simu.

Kijana wa Makole
Wakuu, kwa hiyo viza ya Ireland naombea wapi?