Mama aliweka nadhiri ya mbuzi kwa sharifu, amefariki hajaitimiza. Tuchinje?

Mwana wa Kuze
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mama yetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, Mola amrehemu. Miaka mitatu nyuma mdogo wangu aliugua mapafu, akalazwa wiki sita, tukakata tamaa. Mama akaweka nadhiri: mtoto akiinuka, atachinja mbuzi kwa sharifu, yule wa kizazi cha Mtume, kule kijijini kwao, penye kaburi lake la kuba ambalo wazee wanalizuru tangu hatujazaliwa. Mtoto kainuka. Mama kila mwaka akisema mwaka huu, mwaka huu, na pesa zikaenda kwenye karo. Sasa mjomba anasema hilo ni deni la maiti, litolewe kabla ya arobaini. Kaka yangu mkubwa anasema mbuzi akichinjwa pale ni shirki, ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na yeye hatakanyaga. Hawasemezani, na matanga hayajapoa. Mbuzi ninaye, nimemfunga uani. Naomba jibu la elimu.

AbuSumayya
Wa alaykum salaam. Kaka yako amesema haki. Kuchinja ni ibada kama kusujudu: "Hakika Sala yangu, na ibada zangu, na uhai wangu, na kufa kwangu, ni kwa Mwenyezi Mungu" (6:162). Na Bukhari amepokea: Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Nadhiri ya maasi haitimizwi. Hiyo arobaini nayo ni uzushi, iacheni. Mama muombeeni sana, maana kama alikufa hajatubia jambo hili, hali ni nzito.

Bint Sharifa
"Hali ni nzito." Unamwambia hivyo mtu aliyemzika mamake mwezi uliopita? Mwanamke amekaa wiki sita chini ya kitanda cha hospitali, analala juu ya kanga, anamlilia Mola wake, wewe unamtilia shaka na kaburi lake bado mbichi. Hujamjua. Hujasikia alivyotamka. Kakangu Mwana wa Kuze, Mola amnawirishie kaburi lake.

Mzee wa Kibokoni
Hadithi hiyo ni ya Muslim, kutoka kwa Sayyidna Ali. Si ya Bukhari. Anayetaka kuwahukumu mama za watu aanze kwa kujua kitabu anachokinukuu. Huku pwani misikiti ya mawe ilisimama wakati watu wa bara wanaiamkia miti na mapango. Leo waliosilimu juzi wanapelekwa Madina miaka minne kwa pesa za mafuta, wakirudi wanatwambia wazee wetu walikufa washirikina. Aliyetufundisha shahada ndiye leo anafundishwa?

Tabora Kwetu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo la bara sitalimeza. Nani kakwambia huyo ni wa bara? Kila mjadala ukiwabana mnakimbilia hapo. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo alizaliwa Manyema, ndani kabisa Kongo, akaletwa pwani mtoto mdogo, mtumwa. Akasoma mpaka akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na wana wa masheha wakakaa chini yake kusoma. Hiyo maulidi ya Bagamoyo mnayoipanda mabasi kuiendea ni kazi ya mtu wa bara. Sisi Tabora tuna zikri na ziyara kama nyinyi. Ukitaka kuwapiga watu wa Madina wapige, usipitie mgongoni kwetu.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Naomba turudi kwa marehemu. Sijaona aliyeuliza neno lenyewe alilotamka mama. "Kuchinja kwa sharifu" kwa Kiswahili chetu lina maana mbili. Nikisema nakwenda kula kwa shangazi, nataja pahali. Nikisema nimesali kwa Mwenyezi Mungu, namtaja ninayemkusudia. Yote ni "kwa". Mwarabu angelazimika kutofautisha, sisi hatulazimiki, na hapo ndipo ugomvi wote wa nyumba hii ulipo. Kama alikusudia pale kwa sharifu, awalishe watu wa pale, kwa jina la Mwenyezi Mungu, hii ni sadaka iliyofungwa kwa mahali. Kama alikusudia mbuzi ni wa sharifu, ajikurubishe kwake kwa damu, hapo AbuSumayya ana haki. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye Mashafii wa huku ndiye tegemeo lao, alipambanua hivyo hivyo: nadhiri ya kummilikisha maiti ni batili, ya kuwafaa watu waliopo pale, kama ndiyo ada, inasihi.

Mzee wa Kibokoni
Tabora, marahaba. Sheikh Ramiya sina neno naye, tunamsomea fatiha. Nilisema waliosilimu juzi. Mbona limekuchoma wewe?

Tabora Kwetu
Limenichoma kwa sababu babu yangu aliitwa hivyo mpaka anaingia kaburini. Alihifadhi juzuu kumi na tano na alikuwa hapewi kuswalisha mji wa watu, na hawakuwa Mawahabi waliomnyima. Huo ubaguzi tuuseme, kisha ndiyo tuzungumze tauhidi.

AbuSumayya
Mimi ni mtu wa Siyu, huku huku pwani. Babu na babu wa babu wamezikwa Siyu. Madina sijasoma, nimesoma kwa mwalimu wetu chini ya mwembe. Hayo ya bara na mafuta hayanihusu. Na kwa faida ya Mzee: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akiandika gazeti lake la Al-Islahi mwaka 1932 kuwakataza watu uzushi na haya mambo ya makaburi. Mafuta ya Saudia yaligunduliwa 1938. Nani alimlipa? Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyetufasiria Qur'ani nzima kwa Kiswahili, naye ni wa bara?

Bint Sharifa
Sheikh Al-Amin hakumkafirisha mama wa mtu. Alifundisha. Hapo ndipo tofauti yako na yeye. Umesahihishwa hadithi, hukusema ahsante. Umeambiwa umemuumiza mfiwa, hukuomba radhi. Lakini kuguswa Siyu umeandika mistari kumi.

Pwani Mchangani
Lamu wakati wa Maulidi tunakwenda kwa Habib Saleh na matwari, tunasoma, tunamuombea, tunarudi. Hakuna anayemuabudu. Mtume (s.a.w.) alisema nilikuwa nikikukatazeni kuzuru makaburi, sasa yazuruni. Na Aya ya wasila, ya kutafuta njia ya kumkaribia Mola, 5:35, mbona hamuisomi? Habib Saleh mwenyewe alikuja kutoka Ngazija, akapigwa vita na wakubwa wa mji kwa sababu aliwakalisha darasani watu waliodharauliwa. Tabora, huyo ni wa kwenu zaidi kuliko unavyodhani.

AbuSumayya
Kuzuru sijakataza, msinibandike. Ninachokataza nimekisikia kwa masikio yangu, mwanamke kakamata nguo ya kaburi: "Ya sharifu, nipe mtoto." Hakusema niombee. Kasema nipe. Isomeni 46:5, nani aliyepotea zaidi kuliko anayemuomba asiyemuitikia mpaka Siku ya Kiyama. Ukame ulipowakamata, Sayyidna Umar alimwendea Abbas aliye hai awaombee mvua, na kaburi la Mtume liko hatua chache. Kwa nini? Nijibuni hilo moja tu.

Bint Sharifa
Hiyo "nipe" na mimi nimeisikia, sitasema uongo. Nyanya yangu alikuwa akiketi pale Alhamisi na chetezo chake cha ubani, akisikia mtu anasema nipe, anamshika mkono: mwanangu, sema Ya Rabi. Hakumfukuza. Hakumwita mshirikina. Wangapi aliwarudisha kwa mkono ule! Nyinyi mkija, wanatoka kaburini wanakwenda kwa mganga, kwa sababu mganga hawatukani.

Mzee wa Kibokoni
Umemaliza, binti yangu.

Tabora Kwetu
Mzee, bado hujanijibu la babu yangu.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Kuna hadithi iliyo karibu zaidi na mbuzi huyu kuliko yote yaliyotajwa. Abu Dawud kapokea: mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) hakumwambia ndiyo wala hapana. Aliuliza: je, palikuwa na sanamu la Jahiliya likiabudiwa? Wakasema hapana. Je, palikuwa na sikukuu mojawapo ya sikukuu zao? Hapana. Akasema, timiza nadhiri yako. Na deni la maiti nalo lina asili: Saad bin Ubada aliuliza kuhusu nadhiri ya mamake aliyefariki, akaamrishwa amtimizie. Basi mfiwa, watafute waliokuwepo alipotamka.

Mwana wa Kuze
Nimerudi. Nimemuuliza khaloo, yeye ndiye aliyekuwa naye wodini usiku ule. Anasema mama alishika miguu ya mtoto akasema: "Ya Rabi, ukiniachia huyu, nitachinja mbuzi kwa sharifu, wale watu." Basi. Nimeandika neno kwa neno. Kaka nimemsomea. Amenyamaza kitambo, akasema, "Alianza na Ya Rabi." Akatoka nje. Ni mara ya kwanza nimemwona analia tangu mazishi.

AbuSumayya
Ndugu yangu, kwa niliyoyasema juu ya mama nisamehe, niliandika kabla ya kuuliza. Mwenyezi Mungu amrehemu na aipokee nadhiri yake. Lakini lile swali la pili la Mtume, la sikukuu, lisipitwe. Pale watu hawakusanyiki kila mwaka, wakachinja, wakapaka damu mlangoni? Kama ndiyo, chinjeni nyumbani, nyama iende kwa watu wale wale. Nadhiri imetimia na hakuna wa kuiga vibaya.

Pwani Mchangani
Wakusanyikao pale wanasoma Qur'ani. Hiyo ni sikukuu ya Jahiliya? Kila siku mnafungua mlango mmoja na kufunga kumi.

Mwana wa Kuze
Damu mlangoni ipo, nimeiona nilipokuwa mdogo, sijui nani hupaka. Kaka amekubali kuchinja yeye mwenyewe, hapa uani, Ijumaa baada ya Swala. Nyama tutaipeleka kijijini mbichi, nyumba kwa nyumba, tuanzie kwa wajane. Mjomba bado. Anasema mama alisema kwa sharifu, na uani kwetu si kwa sharifu.

Mzee wa Kibokoni
Mjomba ana haki.

Tabora Kwetu
Mzee, nangoja.