Baba ana miaka 81, ana bunduki, na ameanza kusahau. Naombeni ushauri

Mwana wa Ulanga:
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi.

Baba yangu anaishi kijijini, wilaya ya Ulanga. Ana bunduki ya marisau aliyoinunua 1983 kwa sababu ya nguruwe pori na ngedere waliokuwa wanamaliza mahindi. Anaimiliki kihalali. Leseni ameizungushia nailoni, iko kwenye sanduku la bati, na kwenye picha ya humo nywele zake bado ni nyeusi tii. Uhakiki wa 2016 aliipeleka mwenyewe. Lakini tangu mama afariki 2020 hajahuisha leseni, na sisi watoto hatukumuuliza. Hilo kosa ni letu.

Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la sita alitoka chooni saa nane usiku, akamkuta babu yake uani kashika bunduki. "Nani wewe?" Mtoto alijitaja mara tatu. Mara ya tatu ndipo mzee akashusha mtutu.

Kaka anasema niichukue kimya kimya nikaifiche kwangu Morogoro. Mimi naogopa. Na mzee akisikia habari hizo anasema tunamzika angali hai. Nifanyeje?

Kitomondo:
Mkuu, usithubutu kupanda nayo basi. Baba yangu mdogo alifariki akaacha bunduki darini, ndugu wakairithi kama walivyorithi ng'ombe. Miaka miwili baadaye ikakutwa kwa binamu yangu, leseni ina jina la marehemu. Kijana alikaa mahabusu miezi saba, shamba likauzwa kumlipa wakili. Na bunduki yenyewe ilishaliwa na kutu!

Wakili wa Shamba:
Pole sana ndugu. Kaka yako ana nia njema lakini atakufunga. Leseni ya silaha ni ya mtu, si ya familia. Baba akiwa nayo ni mmiliki. Wewe ukikutwa nayo Morogoro, hata kama ni mwanawe wa kumzaa, unamiliki silaha bila kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015. Kosa hilo huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo tangu marekebisho ya 2016 adhabu yake inaanzia miaka 20 jela.

Usiiguse. Nenda kwanza mikono mitupu ukamwone mkuu wa polisi wa wilaya, uwe na mwenyekiti wa kijiji na nakala ya leseni. Eleza hali ya mzee, omba askari waje kuichukua nyumbani. Mkabidhiwe maandishi yenye namba ya silaha na idadi ya risasi, msiondoke bila hayo. Na fanyeni sasa, mzee akiwa bado anaweza kutia saini yake.

Kama unaitaka kwa ajili ya shamba, omba leseni yako mwenyewe kuanzia serikali ya kijiji, kamati ya ulinzi ya kata, wilaya, kwenda juu. Ukinyimwa, basi.

Mtu wa Mpunga:
Wakili, leseni imelala miaka yote hiyo. Si wanampeleka mzee mwenyewe lokapu?

Wakili wa Shamba:
Hofu hiyo ndiyo inayofanya bunduki nyingi zibaki darini. Sikudanganyi kwamba leseni iliyolala si kosa. Ila anayejipeleka na anayekutwa hawatazamwi kwa jicho moja. Serikali pia hutangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha, kama Septemba na Oktoba 2023. Lakini kwa hali ya mtoto yule uani, mimi nisingesubiri tangazo.

Dada Nesi:
Kaka, mpelekeni mzee hospitali pia. Usahaulifu wa ghafla usiku wakati mwingine ni maambukizi au dawa, unatibika. Na msimnyang'anye. Huyo amelinda nyumba miaka arobaini. Mwambieni ukweli kuhusu mjukuu, mchana, akiwa ametulia, kisha aikabidhi kwa mkono wake.

Mwana wa Ulanga:
Wakuu, naleta mrejesho.

Nilimweleza baba habari ya mtoto. Hakumbuki kabisa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Nilimwelekezea?" Nikamwambia ndiyo. Akasema waiteni.

Jana asubuhi alivaa koti lake la harusi yangu, akakaa barazani kuwasubiri. Askari wawili walikuja na mwenyekiti, wakamwamkia shikamoo kabla ya yote. Risasi zilikuwa nne, vitako vyake vya shaba vimegeuka kijani. Kuhusu leseni wamesema ataandika maelezo, nami nitakuwa naye.

Askari alipoandika namba ya silaha alikosea tarakimu moja. Baba, ambaye asubuhi hiyo aliniita kwa jina la mdogo wake, akamwambia "siyo sita, ni nane", akaitaja namba yote kichwani. Wakaangalia tena kwenye chuma, kweli ni nane.

Ile karatasi ya makabidhiano hakutaka niishike. Ameizungushia nailoni ileile pamoja na leseni.