Kujaza risasi upya: nianze na kalipa, maikromita au mizani?

Mlengaji
Wakuu, salaam. Nina leseni ya bunduki ya kulengea shabaha na ninajifunza kujaza upya maganda ya .308 Winchester (aina ya risasi ya bunduki). Fedha niliyotenga haitoshi kununua vyombo vyote vya kupimia kwa mkupuo. Muuzaji mmoja anaisifia kalipa ya dijitali (kipimo cha kubana kitu kati ya taya mbili) kwa kuwa kioo chake kinaonyesha hadi 0.01 mm, je, hilo pekee linatosha?

Fundi Vipimo
Ndugu, tarakimu za kwenye kioo zisikubabaishe. Kalipa nyingi za aina hiyo huruhusu kosa la takriban 0.02 hadi 0.03 mm, ambalo kwa urefu wa ganda halina neno: ganda la .308 halipaswi kuzidi 51.18 mm, na kwa kawaida hukatwa hadi 50.93 mm, hivyo unabaki na nafasi ya robo milimita. Likizidi urefu huo, mdomo wake unaweza kubanwa mwishoni mwa chemba (sehemu ya bunduki inamokaa risasi), ukashindwa kutanuka na kukiachia kichwa cha risasi, na shinikizo likapanda kwa kiwango cha hatari. Maikromita, kipimo cha skrubu kilicho sahihi zaidi, inahitajika unapopima kipenyo cha kichwa, yaani 7.82 mm, au unene wa shingo, kwa sababu taya za kalipa huweza kupinda kidogo ukizikaza, ilhali kishikio cha kuzungusha cha maikromita hukaza kwa nguvu ileile kila mara. Funga kalipa, futa taya, hakikisha inarudi kwenye sifuri; isiporudi, usiinunue.

Mpenda Mizani
Nakubaliana na Fundi, ila kwangu mizani ndiyo ya kwanza, kwa kuwa kosa la baruti halisamehe. Baruti hupimwa kwa greini, na greini 1 ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kabisa. Tafuta inayosoma greini 0.1, yenye jiwe lake la kuhakikishia. Ya dijitali iache ipate joto kwanza, kisha iwekee tena jiwe hilo mara kwa mara katikati ya kazi, maana usomaji wake huhama taratibu bila kukuonya. Mizani ya mkono, ile ya mtaimbo unaobembea, haina betri na haihami hivyo, ingawa ni ya polepole na hutikiswa hata na upepo wa feni.

Mlengaji
Nashukuru sana. Na urefu wa risasi nzima niupimie kwenye ncha?

Fundi Vipimo
Kwa kuhakikisha inaingia kwenye magazini, ndiyo. Kwa kulinganisha kina cha kichwa, hapana, kwa sababu ncha hutofautiana hata ndani ya boksi moja. Funga kwenye kalipa kifaa kinachogusa mbavu za kichwa, pale kinapochongoka, badala ya ncha. Nunua mizani na kalipa sasa, maikromita baadaye.