Upande wa joshi una faida gani mezani?

Mshika Dira
Ndugu wadau, mimi na mwenzangu tunacheza vita vya baharini kwa modeli za merikebu za matanga za kipimo cha 1:1200. Mwelekeo wa upepo huamuliwa kwa dadu mwanzoni, kisha kila mchezaji husogeza merikebu zake zote kwa zamu, na mwishoni mizinga hupigwa. Historia inasisitiza kwamba makamanda wa karne ya 18 waligombea sana kukaa joshini, yaani upande unakotoka upepo, lakini mezani kwetu aliye demani, yaani upande unakoelekea upepo, hupiga sawasawa na mwenzake, na pengine vizuri zaidi. Je, kanuni zetu zina upungufu, au faida hiyo ilitiwa chumvi?

Foromali
Haikutiwa chumvi, ila si faida ya mizinga. Merikebu ya matanga ya mraba haiwezi kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, karibu na upepo kuliko nyuzi 67 hivi, kwa hiyo aliye demani hawezi kumwendea adui moja kwa moja. Itambidi abishe, yaani aende mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na kila anapogeuza anaweza kukwama omo ikitazama upepo, matanga yakibanwa kwenye milingoti. Aliye joshini ndiye anayechagua saa ya kupigana na mahali pa kuuvunja mstari wa merikebu za mwenzake.

Katika kupigana kwenyewe mambo hugeuka. Upepo mkali huilaza merikebu kuelekea demani, na kwa kuwa adui wa aliye joshini yuko huko huko, matundu ya mizinga ya sitaha ya chini, ambayo ndiyo mizito kuliko yote, hukaribia maji na huenda yakalazimika kufungwa. Aidha, merikebu ya demani ikivunjika mlingoti husukumwa mbali na vita, ilhali ile ya joshini husukumwa kuelekea adui. Kwa hiyo matokeo mnayoyaona si ya ajabu, mradi tu mmeweka kanuni ya kubisha. Kama modeli zenu zinakwenda popote kwa mwendo uleule, hapo ndipo penye kasoro.

Ubavu wa Kulia
Naongeza kwamba upepo ulioamuliwa mara moja tu hauwezi kumtia mtu wasiwasi. Tarehe 12 Aprili 1782, karibu na visiwa vya Saintes katika Karibi, Wafaransa wa de Grasse ndio waliokuwa joshini, lakini upepo ulipogeuka mstari wao ulifunguka mapengo, na Waingereza wa Rodney wakapenya kutoka demani. De Grasse mwenyewe alitekwa.

Vilevile, lipeni uzito pigo la kupitia tezi, yaani nyuma ya merikebu. Katika vita vya Trafalgar, mwaka 1805, Victory ya Waingereza iliikaribia safu ya adui polepole kwa upepo hafifu, ikipigwa bila kuweza kujibu kwa ubavu wake, lakini ilipopita nyuma ya Bucentaure ya Wafaransa risasi zake ziliingia kupitia madirisha ya tezi na kufagia sitaha kwa urefu wote. Katika kanuni nyingi nilizozisoma pigo kama hilo huongezewa nguvu kidogo mno. Mimi naliongeza mara mbili, na mara tatu likiwa la kwanza, kwa sababu mizinga ya mwanzo ilijazwa kwa utulivu.

Kamba na Tanga
Naafiki historia, lakini nasita kuhusu kuongeza kanuni. Tatizo kubwa ni zamu: anayesogeza wa pili huona kila kitu, akajibu, na hivyo hiari ya aliye joshini hupotea. Andikeni amri za kila merikebu kwa siri kwenye karatasi, kisha zisogezwe zote kwa pamoja. Na ukingo wa meza usihesabiwe kuwa ufuo. Vita vikifika huko, sukumeni modeli zote nyuma kwa kipimo kimoja, la sivyo aliye demani ataadhibiwa kwa udogo wa mbao.

Mshika Dira
Nashukuru. Amri za siri tutaanza nazo. Upepo ugeuke mara ngapi?

Ubavu wa Kulia
Rusheni dadu mbili kila mzunguko: jumla ya 2 inausogeza pointi moja ya dira (nyuzi 11 hivi) kushoto, ya 12 kulia. Ni mara chache, lakini nahodha hatathubutu kupanga mstari wake akidhani upepo umelala.